Mama na Fahali wa Kilo Mia Tatu

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Umekula? Na mgongo wako, ule uliokuwa unakusumbua kwa kuinamia wagonjwa, umepoa? Mimi sijambo. Sikio la kushoto limeshajifia, hatulisemi tena kwa ubaya, na la kulia linasikia linachotaka. Ndiyo maana nakuandikia. Juzi uliponipigia simu nilipaza sauti mpaka jirani yetu fundi viatu akaja kunipa pole, akidhani nimefiwa. Siri zetu zikae kwenye karatasi.

Sasa keti. Nina jambo.

Jumatatu imeletwa pikipiki hapa karakana. Si kama hizi ninazozishonea viti kila siku. Hii ni kati ya zile kubwa za safari ndefu, nyeusi, imekaa chini chini, tangi pana, usukani unakuja wenyewe mikononi, injini yake mara kumi ya ile ya Mbuzi, kipikipiki chetu kikuukuu. Mbuzi wangu maskini, aliyekupeleka shule mpaka ukamaliza na bado ananisaidia kupelekea wateja viti vyao, alikuwa amesimama pembeni, nikaona kama ameona aibu.

Mwenyewe ni mpimaji ardhi mstaafu. Mimi namwita Bwana Ramani, maana hawezi kukuelekeza hata chooni bila kukuchorea. Aliinunua mpya miaka mitatu iliyopita, na imetembea kilomita elfu moja na mia tisa tu. Mbuzi anazimaliza hizo kwa miezi miwili, tena akiwa na mafua! Shida ni nyonga yake. Akikaa nusu saa anashuka akichechemea. Anataka nimkatie kiti upya aone kama kitamfaa, na kisipomfaa, anasema, huenda akauza.

Nilipanda juu ya pikipiki ili nione kiti kilivyo. Kikazi tu. Miguu yangu, mimi ambaye shuleni nilipangwa mstari wa mbele kwenye kila picha, ilifika chini yote miwili, nyayo nzima. Nikakaa. Nikaendelea kukaa. Chai ikapoa.

Nishauri. Usicheke kwanza. Nishauri, halafu ndiyo ucheke.

Mama yako

16 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo umepoa, nakula. Barua yako niliisoma kwenye chumba cha plasta, kati ya mgonjwa na mgonjwa, na kweli ilinibidi nikae. Sijacheka.

Mama, kazi yangu unaijua. Kila asubuhi nafunga plasta mikono na miguu ya watu, na nikiwauliza imekuwaje, wengi wananijibu neno moja tu: pikipiki. Jumanne nilikuwa na mwalimu wa hesabu, mfupa wa paja. Alikuwa amesimama kwenye taa, hata haendeshi, pikipiki kubwa kama hiyo ikamlalia. Amesimama, Mama! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi ndiye ninayelifunga hilo guu. Wewe una miaka hamsini na tisa. Sikio moja limekufa, la pili linachagua. Lori likikupigia honi kwa nyuma utajuaje?

Na kuna lingine. Desemba unahamia kwangu. Tulikubaliana. Chumba kipo, dirisha lake linapata jua la asubuhi, cherehani yako nitaiweka hapo. Sasa mtu anayehama anunue pikipiki ya kilo mia tatu ya nini? Nakuuliza kwa upole.

Nilimweleza mwenzangu wa zamu, ambaye ni mtu wa mapikipiki. Nilitegemea aniunge mkono. Msaliti yule akachukua kalamu! Anasema kitu hakikataliwi kabla ya kukaguliwa. Basi tazama namba nne zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Futa shokapu za mbele kwa kitambaa cheupe, uone kama zinavuja mafuta. Pikipiki isiyotembea huharibika kwa kusimama: betri hufa, petroli huchacha, breki hushika kutu. Omba funguo zote mbili. Linganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi ya pikipiki. Injini uiwashe ikiwa ya baridi, na ukikuta mwenyewe ameshaipasha moto kabla hujafika, ujue kuna jambo linafichwa.

Nimeyaandika kwa sababu nilimwahidi nitayaandika. Msimamo wangu ni ule ule. Hapana.

Halafu huyu Bwana Ramani ni nani hasa?

Mwanao anayekupenda

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Mimi mzima isipokuwa aibu, na aibu haifungwi plasta. Hilo la mkuu na guu umelitumia kinyume: mkuu hapa ni mimi.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Bwana Ramani ana mke, tena mkali, na kwa miaka mitatu mama huyo amekataa kupanda nyuma. Nimethibitisha mwenyewe, kiti cha nyuma hakijakaliwa hata na paka. Sponji haidanganyi, mwanangu. Kilomita za kwenye dashibodi mtu anaweza kuzichezea, lakini sponji ikishakaliwa hubonyea pale mifupa ya makalio inapogusa, na ngozi hung'aa pale paja linaposugua. Cha mbele kimebonyea kidogo sana, tena upande mmoja, ule wa nyonga nzima. Kwa hiyo elfu moja na mia tisa ni za kweli. Mwambie msaliti wako aongeze hilo kwenye orodha yake.

Mengine yote nimeyakagua. Tairi ni za mwaka ule ule wa kununuliwa, wiki ya kumi na nne. Kumbe hata tairi lina cheti cha kuzaliwa! Kitambaa cheupe kilibaki cheupe. Namba za chasisi na kadi ni zile zile. Betri imekufa kama mlivyosema, na petroli ilinuka vibaya, tukaimwaga. Funguo ziko mbili. Tukaazima betri, injini ikiwa baridi kabisa, ikawaka mara ya kwanza. Mimi sikuisikia vizuri, wajua hali yangu. Niliweka kiganja kwenye tangi nikaihisi mpaka kwenye kiwiko.

Sasa aibu yenyewe. Unajua ninavyofanya kazi. Mteja namkalisha kwenye kasha la mchanga mbichi, akiinuka napima alama alizoziacha, naandika vipimo, nabandika karatasi ukutani, ndipo nakata sponji. Miaka thelathini sijakosea. Bwana Ramani nilimkalisha, nikampima, nikabandika. Halafu nikachukua kisu nikakata mchana kutwa bila kuinua macho ukutani hata mara moja. Nilikuwa na furaha zangu. Nikashona mshono wa mara mbili, uzi mwekundu kwenye ngozi nyeusi. Kilitoka kizuri, acha nijisifu kidogo kabla hujasikia kilichofuata.

Jana akaja, akakaa, akateleza mbele. Akajaribu tena, magoti yakampanda mpaka karibu na kidevu. Akashuka, akanitazama, akasema kwa adabu, "Mama fundi, hebu kaa wewe." Nikakaa. Kilinipokea kama nimezaliwa nacho. Nilikuwa nimejikatia mwenyewe! Paja langu, kimo changu, hata huku kulia ninakoegemea tangu nilipokuzaa wewe. Mkono ulikuwa umenitangulia.

Nilitamani ardhi inimeze. Sponji ikishakatwa haiungwi. Nikamwambia nitamtengenezea kingine, akacheka mpaka akaishika nyonga yake. "Kingine cha nini?" akasema. "Miaka mitatu sijui niuze au nisiuze, leo nimemwona mwenyewe." Mke wake aliposikia alikuja karakana kunikumbatia. Yule mkali! Anataka niichukue leo leo, uani kwake apande maua.

Nimewaambia nasubiri ruhusa ya mwanangu. Tazama dunia ilivyogeuka.

Mama yako, mtu mzima hovyo

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimesoma barua yako mara tatu kutafuta neno "chumba". Halimo. Umenijibu habari za tairi, betri, petroli, mpaka maua ya mke wa Bwana Ramani. Desemba hukuigusa.

Chumba nimekipaka rangi mwenyewe, kwa siku zangu mbili za mapumziko. Mwenye nyumba nimemwambia mama yangu anakuja. Kazini nimewaambia. Kama huji, niambie huji. Usinifichie jibu chini ya kiti cha pikipiki.

Mkono wako umeshakata kile ulichokuwa unakitaka. Sasa chagua na kwa mdomo. Ukiinunua nitajua umechagua, na chumba nitakitoa. Ila usitegemee mimi nikae huku, kila simu ikilia nikidhani ni askari wa barabarani ameikuta namba yangu mfukoni mwako. Mama za wenzangu nimewafunga plasta za kutosha.

Mwanao

9 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. U mzima? Anza na hilo, tafadhali, hata kama hutaandika lingine. Wiki nne sasa. Nimempigia fundi viatu, akasema upo, ila mchana unafunga karakana unaondoka na hajui unakwenda wapi. Kwa hiyo u hai na umenikasirikia. Hilo la kwanza linanitosha.

Barua ile niliiandika kwa hasira na kuituma kwa hasira. Nisamehe. Nimekaa nayo mwezi mzima na sasa nataka kukwambia kweli. Chumba kile nilikuwa nasema ni kwa ajili yako, kwa ajili ya uzee wako na sikio lako. Si kweli, au si kweli yote. Ni mimi, Mama. Nikitoka kazini nafungua mlango na hakuna mtu wa kuniuliza nimekula. Miaka sita. Nakula nimesimama jikoni, kijiko kwenye sufuria, kisha naosha kijiko. Nilitaka uje unikute hivyo unigombeze.

Nilikuwa nakwambia uje upumzike, kumbe nakuita uje kunilea. Kazi hiyo ulishaimaliza, na uliifanya peke yako tangu Baba alipotutoka, na uliifanya vizuri.

Juzi nimemkumbuka Mbuzi. Ulivyokuwa unanifunga kwako kwa mtandio, shavu langu mgongoni mwako, mvua inakupata wewe kwanza. Nilikuwa naimba njia nzima. Sikuwahi kuogopa hata siku moja. Sasa najiuliza ni lini nilianza kumwogopea mtu aliyeniendesha.

Bado naogopa, sikufichi. Lakini uamuzi ni wako, na chumba sikitoi kwa hasira. Niambie tu kwamba u mzima.

Mwanao, mkaidi kama mama yake

27 Aprili

Roho yangu,

Mimi mzima. Nimeanza na hilo kama ulivyoomba. Mzima kuanzia utosini mpaka ukuchani, isipokuwa paja la kulia limevilia damu, na hadithi yake inakuja.

Sikukukasirikia. Siku mbili tatu nilinuna, ndiyo, mimi si malaika. Halafu nikaona umesema kweli. Uliniambia nichague kwa mdomo, na mdomo ulikuwa haujui. Nikaenda kuiuliza pikipiki.

Bwana Ramani alikubali nijifunze nayo mchana, kwenye uwanja wa ghala lililofungwa. Siku ya kwanza, hata sijaondoka, niligeuza usukani huku nimebana breki ya mbele. Fahali akalala. Ndilo jina lake sasa, Fahali. Niliwahi kutoa mguu, akanigusa paja tu. Nikamvuta ainuke, wapi! Nikaketi kwenye vumbi kando yake, nikalia kidogo, nikacheka kidogo. Nilijiona mjinga wa mwisho, mjane wa miaka hamsini na tisa ninayegombana na chuma. Nilikuwaza wewe na mwalimu wako wa hesabu.

Bwana Ramani hakuja kunisaidia. Alisema, "Akilala njiani mimi sitakuwepo," kisha akanichorea ramani pale pale vumbini. Unampa mgongo. Unabandika makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu unarudi kinyumenyume kwa hatua fupi, ukisukuma kwa miguu na siyo kwa mgongo. Mara ya tatu akasimama. Nilipiga kelele za ushindi peke yangu uwanja mzima. Tangu siku hiyo nimemlalisha kwa makusudi na kumwinua mara kumi na moja, ili nisiwe namwogopa.

Siku ya tisa tukatoka barabarani, Bwana Ramani na nyonga yake wakinifuata juu ya Mbuzi. Nilikwenda vizuri. Nilikuwa natabasamu ndani ya helmeti. Kwenye kona moja nikaona tairi la lori, upande wa kulia, kiwiko kwa kiwiko na mimi. Lilikuwa limepiga honi mara nne, Bwana Ramani ndiye aliyehesabu. Mimi sikusikia hata moja. Nikasogea pembeni, nikazima, nikaketi ukingoni mwa barabara robo saa nzima. Wewe ulikuwa umeniandikia jambo hilo hilo, nami nikalifanyia mzaha.

Nikarudisha funguo. Nikamwambia sinunui.

Lakini narudi nyumbani na Mbuzi, nikawaza: na juu ya Mbuzi je? Miaka yote hii sisikii malori nikiwa juu ya Mbuzi pia, na sijui mangapi yamenipita. Tatizo halikuwa Fahali. Tatizo ni mimi niliyekataa kile kifaa cha kusikia. Umenibembeleza tangu ulipoondoka. Nilisema ni cha wazee, nikasema kinawasha. Kweli yenyewe ni kwamba niliona nikikivaa nitakuwa nimeshafika kwenye kile chumba cha jua la asubuhi, nimekaa nasubiri kuletewa chai. Nisamehe, najua umekipaka rangi kwa mkono wako. Chumba hakina kosa.

Wiki iliyopita nimekwenda. La kushoto wamesema tulizike. La kulia limevishwa kifaa. Mwanangu, mji huu una kelele! Cherehani yangu inalalamika, kumbe. Ndala zangu zinapiga makofi sakafuni. Fundi viatu anaimba akiwa kazini, na anaimba vibaya, miaka yote mimi namwona anatingisha kichwa namsifia. Nimefunga na vioo viwili vipana kwenye Mbuzi, na Bwana Ramani huninyemelea na honi kila siku kunipima. Sijakosa hata moja.

Kwa hiyo nakujibu sasa, kwa mdomo. Sihami. Si Desemba hii wala ile nyingine. Nilikuahidi kwa sababu ulikuwa unalia kwenye simu, na maneno sikuyasikia, nilikisikia kilio. Nikasema ndiyo ili unyamaze. Mama hakupaswa kufanya hivyo, na nimelibeba muda mrefu.

Kuhusu Fahali, funguo ziko kwa Bwana Ramani na atanisubiri. Safari hii siombi ushauri. Nakuuliza kitu kimoja: nikinunua, utalala usingizi? Kama hutalala, sinunui, sitakulaumu, na hatutalizungumza tena. Usingizi wa mtoto wangu siwezi kuupanda nikaenda nao mbio.

Na hilo la kula umesimama limenikata maini. Weka kiti jikoni leo.

Mama yako

8 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimenunua kiti. Sponji yake hungeipokea karakana hata ya kufutia mikono, lakini ni kiti, na nakuandikia nikiwa nimekikalia.

Neno "sihami" limeniuma siku tatu. Nilitaka nikudanganye kwamba halijaniuma, lakini tumeshaanza kuambiana kweli, tusirudi nyuma. Siku ya nne niliamka nikiwa na nafuu. Sikuitegemea.

Sasa swali lako. Hapana, Mama, sitalala. Siku nikijua uko barabarani sitalala, na mwenzangu wa zamu ameniambia mama yake halali usingizi tangu mwanawe aanze kuendesha, na mama yake ni mzima wa afya kabisa. Lakini nilijiuliza kitu. Miaka sita iliyopita nilipopanda gari kuja huku, peke yangu, kwenye nchi ambayo hata mtu mmoja hatukumjua, wewe ulilala? Hukunizuia. Ulinishonea mkanda wa begi mara mbili usije ukakatika njiani, ukaniambia nenda.

Basi na mimi nakwambia. Nenda ukachukue funguo.

Koti liwe lenye kinga za viwiko na mgongo. Viatu vifunike vifundo. Helmeti iwe mpya, na ikae vizuri na hicho kifaa. Betri za sikio uwe nazo za akiba mfukoni. Fahali akilala, uniandikie, hata kama umemwinua mwenyewe. Usiwe unacheka peke yako huko vumbini wakati nina haki ya kucheka na mimi.

Chumba nimempa muuguzi mpya wa wodini kwetu, naye hana mtu huku. Anaongea kuanzia mlangoni mpaka kitandani. Jana kaniuliza nimekula.

Mwanao, ambaye hatalala

19 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, na makalio yangu pia ni mazima, jambo ambalo ni sifa kwa fundi aliyekata kile kiti. Nakuandikia nikiwa nyumba ya wageni, chumba namba nne, kitanda kinalia kila nikigeuka na ninakisikia vizuri sana. Ni siku yangu ya tatu njiani.

Usishtuke. Hukuambiwa kwa makusudi. Fundi viatu na Bwana Ramani niliwaapisha. Uliniandikia kwamba ukijua niko barabarani hutalala, nikaona dawa ni usijue. Nilitaka ulale. Umelala siku tatu, zisamehe.

Bwana Ramani amenipa ramani kurasa tisa, ameandika mpaka miti. Mke wake amenifungashia chakula cha kulisha kikosi, amefurahi, maua yameshachipua. Naendesha asubuhi mpaka jua likiwa kali, napumzika, naendelea mpaka alasiri. Mvua ikija nasimama. Mpakani afisa alipokea pasi yangu na kadi ya pikipiki, akachungulia nje, akaniuliza, "Mwenye pikipiki yuko wapi?" Nikamwambia, "Anakutazama." Akagonga muhuri mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

Uliniagiza nikuandikie Fahali akilala, basi jana amelala. Kituo cha mafuta, penye mteremko, mbele ya wanaume saba. Niliwahesabu. Wakaanza kuja mbio, nikawaambia subirini, nikampa mgongo, nikatembea zangu kinyumenyume mpaka akasimama. Walinipigia makofi. Mmoja wao akainama kukitazama kiti, akauliza kimeshonwa wapi. Sikujibu haraka, nililionjaonja swali.

Nina furaha, mwanangu. Nimepekua kichwani barua zote nilizokuandikia, neno hilo nadhani sijawahi kukuandikia juu yangu mwenyewe. Leo nakuandikia. Jana mchana, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila barabara na nyasi, niliimba kwa sauti kubwa, nikajisikia naimba.

Nitakaa kwako wiki tatu. Tutabanana, wewe, mimi na huyo muuguzi msemaji, na nitataka kumshukuru. Halafu nitarudi kwangu, nimeacha viti vya wateja vinanisubiri. Uelewe vizuri: sikuja kuzeeka kwako. Nimekuja kukuona.

Barua hii siipeleki posta. Posta ingefika wiki ijayo, na mimi nafika kesho kabla ya saa sita. Nitakuja moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha plasta. Ukiniona hospitalini usipige ukelele, nitakuwa nimeingia kwa miguu yangu miwili. Usinisalimie kwanza. Nitakupa karatasi hii mkononi, nawe uisome pale pale, pole pole, mimi nimesimama mbele yako. Miaka sita nimekuandikia, na sijawahi hata mara moja kuuona uso wako ukinisoma.

Mama yako